Gari ya Baba Haiwaki Tambarare

Wenzangu mliokulia Pemba mkaenda skuli miguu mitupu na kurudi na njaa, mtanishuhudia: zama zetu gari haikuwa kitu cha kupandwa tu, ilikuwa kitu cha kusukumwa. Mtoto wa siku hizi ukimwambia awashe gari hunyoosha kidole. Sisi tulikunja kanzu na magauni, tukatia mabega, vidole vya miguu vikachimba udongo mwekundu, moshi ukatuingia puani, na sauti ya baba ikatoka ubavuni: "Sukumeni, msiiguse tu! Muhogo wote ule mmeupeleka wapi?"

Muhogo tulikuwa tumekula kweli, wa nazi, na chai ya mchaichai. Ulikwisha tumboni kabla gari haijafika kwenye mwembe wa jirani.

Baba yetu, Mwalimu Hamad, alisomesha hesabu maisha yake yote, lakini gari hakuinunua kwa hesabu. Aliinunua mwaka ambao karafuu zilizaa mpaka matawi yakavunjika, mwaka ambao watu wa Pemba walinunua vitu wasivyovihitaji. Jirani yetu mmoja alinunua friji na umeme haujafika kwake, akawa anawekea nguo za Idi. Baba akanunua Moris ya kijani kutoka kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa pale Wete. Ilikuwa imeshazeeka siku ileile aliyoinunua. Stata ilikufa kabla msimu haujamalizika. Hendeli ya kuzungushia mashine kwa mbele haikuja nayo. Mwenye duka alisema ipo nyumbani, ataileta. Mzee wa watu ameshatangulia mbele ya haki, duka lake sasa linauza simu, na hendeli bado hatujaipata.

Stata mpya iliagizwa Tanga. Kila boti iliyofika Wete baba aliteremka bandarini kuiulizia, akaambiwa itakuja na boti ya pili yake. Mwisho akaacha kuuliza, akayapanga maisha yake upya bila stata.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Gari isiyo na stata huwaka ikiteremka, kwa hiyo baba hakuegesha isipokuwa kwenye mteremko. Mwenyezi Mungu ameiumba Pemba kwa vilima, na baba alimshukuru kwa hilo waziwazi, lakini hakuiumba yote. Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima nje kidogo ya Wete, na gari ililala bandani ikiwa imeelekezwa bondeni, jiwe mbele ya kila gurudumu. Ijumaa hatukusali msikiti wa karibu, kwa sababu ulikuwa tambarare. Tulisali wa mbali, wenye kilima. Kinyozi wetu hakuwa hodari, alitukata masikio mara nyingi, lakini kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa mteremko mzuri sana. Njia ya kwenda Chake kulikuwa na bwana mmoja ambaye yeye na baba hawakupatana kwa lolote, wakikaa pamoja walibishana mpaka kuhusu mvua. Nyumba yake ilikuwa na mteremko usio na mfano. Tulimtembelea kila mara, na baba alitoka pale amekasirika na gari imewaka.

Hata kaka yangu Faki alipotaka kuoa, wazee walikaa kuuliza habari za binti: kasoma wapi, tabia yake, watu wake ni watu gani. Baba alisubiri mpaka wote wamalize, kisha akauliza, "Kwao pakoje, pana kilima?" Palikuwa na kilima. Posa ikapelekwa wiki ileile. Ndoa hiyo imedumu mpaka leo, nami siwezi kusema kilima hakikuchangia.

Kazi ziligawanywa kwa nguvu. Wavulana walisukuma nyuma, baba alisukuma ubavuni huku akitoa amri, na watoto wa jirani walisukuma kwa makubaliano kwamba ikishawaka wataning'inia mpaka mwisho wa mteremko. Mimi nilikuwa mdogo, msichana na mwembamba, sikuwa na faida yoyote kule nyuma. Kwa hiyo nikawekwa kwenye usukani. Nilikanyaga klachi kwa miguu yote miwili, nikatia gia ya pili, na baba akipiga kelele "Achia!" nikaachia. Gari ilijitikisa, ikapiga chafya, ikawaka, na mimi nikasogea kumpisha mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojua kuendesha gari kabla sijajua kupika. Faki alitoka utotoni anajua kusukuma tu, na jambo hilo linamuuma mpaka sasa.

Ndani ya gari kulikuwa na harufu ambayo sijaikuta tena popote. Ilikuwa ya petroli, ya vitambaa vya viti vilivyolowa mvua vikakauka, na juu ya yote ya karafuu, maana wakati wa kuchuma baba alijaza makonyo na karafuu zake mpaka miguuni petu. Tulikwenda skuli tunanukia karafuu, tukirudi tulikaa jamvini kuchambua karafuu na makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi, na tukilala mito ilinukia karafuu. Watoto wangu wananunua manukato ya chupa yenye jina refu. Nimeyanusa. Hayafiki.

Siku ya Idi ndiyo ilikuwa siku ya gari. Tulivaa nguo mpya, tukaamrishwa tusisukume, na baada ya muda mfupi tukaamrishwa tusukume. Kanzu nyeupe ya Faki ilikuwa na alama nyeusi za moshi kila Idi, na mama alimwambia kila Idi, "Wewe mwanangu huvai nguo, nguo zinakuvaa." Kisha mzunguko ukaanza, kilima hadi kilima. Huku tulikula bokoboko, kule mkate wa kumimina, kule halua ya moto iliyotuunguza ndimi. Watu walijua saa zetu. Wakisikia mngurumo walisema, "Mwalimu huyo, tengezeni chai." Tulipendwa na vilima vyote vya Pemba.

Lakini Shangazi Mize alikuwa anakaa Wambaa.

Lazima niwaeleze vizuri, maana jambo lote limelala hapa. Baba na Bi Mize walikuwa wawili tu. Wazazi wao walikufa mapema, na baba ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni kumpeleka chuoni kusoma Kurani. Bi Mize alipokua aliolewa na mvuvi wa Wambaa, akahamia kule, nyumba yake ikiwa ufukweni kabisa, mchanga mtupu, tambarare kama sinia. Kilima cha mwisho kiko mbali na kwake, na baba hakuwa mtu wa kuiacha gari porini kima wakaipanda. Kwa mazishi alikwenda Wambaa kwa basi kama watu wote, kwa sababu mazishi si matembezi. Lakini matembezi ya Idi, mtu mwenye gari atoke kwenye basi na kanzu yake mpya, wakati gari anayo? Alikuwa mtu mzuri sana baba yangu, na alikuwa na kiburi kidogo, cha ukubwa wa gari moja.

Mara moja tu aliipeleka Wambaa. Shangazi alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na siku hiyo ilikuwa akika, karamu ya mtoto. Nilikuwemo ndani. Tulifika, watu wakatoka majumbani, vigelegele vikapigwa, na baba hakuzima mashine. Hakushuka pia, kwa sababu ilikuwa ikiachwa peke yake inazimika na lazima mguu ukae kwenye mafuta. Akamsalimu dada yake kupitia dirishani. Mtoto akaletwa dirishani, akamsomea dua dirishani. Kahawa ikaletwa, akainywa dirishani. Kisha akarudisha kikombe, akageuza gari, tukaondoka. Niligeuka nyuma nikamwona Shangazi amesimama na mtoto mkononi na kikombe mkono wa pili, na sikuelewa kwa nini hatupungii.

Tangu siku hiyo ukaanza mwendo wa salamu. Baba alituma mchele, vitambaa, sukari wakati sukari haipatikani, na juu yake maelezo: mwambieni Mize gari haiwaki tambarare. Majibu yalirudi na mtu yuleyule: "Mwambieni kaka, miye gari yangu miguu, na popote yawaka. Hakuna gari duniani ichaguayo kilima." Kila Idi Shangazi alipika, akaweka mkeka mpya barazani, akakaa. Tulisikia hayo kwa watu. Baba aliposikia aliinama, akasema Idi ijayo lazima tutafute njia. Idi ijayo tulikuwa kwa yule bwana wa njia ya Chake, tunabishana kuhusu mvua.

Baba alifariki mwaka jana. Alizikwa vizuri, watu walikuwa wengi, vilima vyote vilishuka. Siku ya khitma, tukiwa wanawake ndani, ikafika ile saa ya kumsamehe marehemu. Kila mtu akasema amemsamehe. Shangazi Mize, aliyekuja kwa basi na kulia kuliko sisi sote, akafuta uso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Miye nimemsamehe yote alonikosea. Ila Wambaa. Ya Wambaa bado nnayo."

Waliokuwa wakipakua wali wakaacha kupakua. Mimi niliumia nisivyowahi kuumia. Sisi tumefunzwa tangu chuoni kwamba haki ya mja huisamehe mja mwenyewe, hapana wa kumsemea. Baba yangu alikuwa kaburini na jambo moja limebaki juu, na lilikuwa la stata.

Nilimfuata Wambaa baadaye nikamweleza. Nilieleza kama fundi: mashine inahitaji nguvu ya kuizungusha kwanza, stata ndiyo huizungusha, isipokuwepo inataka mteremko. Alinisikiliza huku anasuka ukili wake wa mkeka. "Stata," akasema. "Mtu mzima, mwalimu, ashindwe na stata miaka yote ile. Salma, weye wamtetea babako, sikulaumu. Lakini miye nnamjua kaka yangu. Alikuwa hataki kukaa na siye watu wa pwani." Akasuka kidogo, akaongeza, "Hiyo gari yenyewe bado ipo?"

Ilikuwepo, na hilo ndilo lilikuwa tatizo la pili. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wanapita Wete na mizani yao, na Faki alikuwa anataka iuzwe. Faki yuko Unguja, ana gari ya kuwashia kitufe yenye kamera ya nyuma, na bado hugonga ukuta. Alinitumia sauti ndefu kwenye simu akieleza kwamba lile ni rundo la kutu, kwamba kumbukumbu za baba ziko moyoni, na kwamba moyo hauhitaji matairi. Nilimjibu kwamba Shangazi ameiulizia. Kesho yake akatuma sauti nyingine: "Basi itengeneze, umpeleke, amalize hasira zake. Halafu tuiuze."

Nikamwita fundi kutoka Chake. Alifungua boneti, akatazama ndani kwa muda, akaniuliza kama mwenyewe amekufa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu amrehemu, alikuwa na imani." Akataja kinachotakiwa: breki, kabureta, radieta, matairi, nyaya zilizoliwa na panya. Kisha akasema, bila kujua anasema nini, "Na stata. Siku hizi zapatikana. Nikaitafute leo?"

Niseme kweli, machozi yalinitoka. Kitu ambacho baba alikifuata bandarini boti baada ya boti, sasa kinaletwa na kijana kwa pikipiki kabla ya Alasiri. Nikafungua mdomo kusema ndiyo, ailete. Ndipo nikamwona Shangazi Mize amesimama kwenye mchanga wake, mikono kifuani, na mimi nazungusha ufunguo mbele yake, na gari inawaka palepale, tambarare, bila msukumaji hata mmoja. Angesema nini? Angesema, kumbe yawaka. Nami ningeanza kumweleza kwamba hii stata ni mpya, ile ya zamani ilikuwa mbovu, na kila neno lingezidi kumfanya baba mwongo. Ushahidi pekee aliokuwa nao marehemu duniani ulikuwa ni ubovu wa gari yake, na mimi nilikuwa karibu kuulipia utengenezwe.

"Fanya vyote," nikamwambia fundi. "Stata usiiguse."

Akanitazama kwa huruma. Nadhani alidhani msiba bado mbichi.

Faki alivuka kwa boti kuja kunizuia. "Dada," alisema akiwa bado hajaweka begi chini, "yaani unaitengeneza gari ili ikaharibike?" Nikamwambia ndiyo, hasa hivyo, na kama hana la kufanya anaweza kusukuma. Alitaka kuendesha yeye. Nikamkumbusha kwamba hana elimu hiyo.

Tuliondoka asubuhi. Vijana wa mtaani walikuja kusaidia, yaani wawili walisukuma na waliobaki walipiga video. Mmoja aliniuliza kama gari imeisha chaji. Faki alisukuma kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kiuno, na mimi nikakanyaga klachi, gia ya pili, nikasubiri. Hapakuwa na wa kusema "Achia." Nikajisemea mwenyewe. Ikajitikisa, ikapiga chafya, ikawaka, na jirani yetu mzee akatokeza kichwa dirishani akasema, "Mwalimu huyo," kisha akakumbuka, akarudi ndani.

Njia nzima hatukuzima. Vilima vilipita kimoja kimoja, na Faki alivitaja kwa vyakula: hapa bokoboko, hapa halua, hapa yule bwana wa mvua. Tulipoiacha barabara kuu na kuteremka kuelekea Wambaa, akaanza kuhesabu vilivyobaki. Kilima cha mwisho kikapita. "Bado tunaweza kuiacha hapa tukatembea," akasema. Nikakanyaga mafuta.

Shangazi alikuwa barazani na ukili wake. Niliipeleka gari mpaka mbele ya mlango, magurudumu yakilalamika mchangani, nikasimama na mguu kwenye mafuta, mashine ikinguruma. Hakuinuka. Alitazama dirisha lilelile la upande wa dereva, nami nikajua anatazama nini.

"Zima," akasema.

Faki alinikazia macho. Nikazima. Nikafungua mlango, nikashuka, nikamwamkia shikamoo na mkono wake nikaubusu. Kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, mtu alikuwa ameshuka kwenye gari ile mlangoni kwa Bi Mize.

Alitulisha kwanza, kwani kwake hapana jambo linalofanywa kabla ya kula. Wali, pweza wa nazi, na pilipili ambayo Faki aliisifu huku analia. Tuliponawa akajifunga kanga vizuri, akatoka, akaizunguka gari, akaigonga boneti kwa kifundo cha kidole kama agongaye nazi.

"Haya. Iwashe."

Nikazungusha ufunguo. Ikatoa kijisauti kimoja, ikanyamaza. "Tena," akasema. Nikarudia. Kijisauti hakikuja hata. "Usinifanyie mchezo, Salma. Tena." Nilizungusha mpaka akatosheka na kimya chake.

"Isukumeni, basi."

Vijana waliokuwa wakicheza mpira ufukweni wakaja. Faki akatia bega. Nikashika usukani, gia ya pili. Gari ikasogea kidogo, magurudumu yakazama, ikagoma. Wakajaribu tena, ikazama zaidi. Kwenye kioo nilimwona Shangazi Mize akivua viatu vyake, akaja akaweka viganja viwili kwenye buti la gari, ubavuni mwa Faki, akasema "Bismillahi," akasukuma. Alisukuma kwa nguvu zake zote za uzee, uso umekunjamana, kanga inaanguka. Gari ikalala mchangani mpaka chuma cha chini kikagusa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuweza lolote kati ya hayo kwa sababu nilikuwa nimekanyaga klachi kwa miguu yote miwili.

Aliiachia. Akakung'uta mikono.

"Basi ni kweli," akasema.

Akarudi barazani akakaa. Vijana wakarudi kwenye mpira. Mimi nikakaa karibu yake, moyo umejaa furaha, nikasema, "Umeona, Shangazi. Hakuwa mwongo."

"Nimeona. Hakuwa mwongo." Akainyooshea gari kidole. "Sasa hebu nambieni. Angekuja Idi, akashuka, ikakwama hivi. Ndo ingekuwaje?"

Faki hupenda kujibu maswali. "Angeshindwa kuondoka, Shangazi."

"Eeh," akasema Bi Mize. "Angeshindwa kuondoka. Angelala. Kitanda kipo, samaki wapo. Kesho yake watu wangesukuma, ikakataa, akalala tena. Tungekaa hapa tukazungumza habari za mama." Akauchukua ukili wake. "Kwani mwadhani miye kila Idi nkiomba nini hapa barazani? Nkiomba ije ikwame."

Faki alitazama miguu yake. Mimi nililia, nikamlilia baba aliyejua kila mteremko wa Pemba na hakujua hilo.

Shangazi akainua mikono palepale, akasoma Fatiha, nasi tukasoma naye. Alipomaliza akajipangusa uso. "Ya Wambaa nimemsamehe," akasema. "Na Mungu amsamehe ujinga wake."

Wenzangu, siku hizi gari zote zinawaka. Zinawaka kilimani, zinawaka bondeni, zinawaka mtu akiwa bado yuko ndani anatafuta viatu. Mgeni hufika akaiacha inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi, watoto hawashuki, shangazi husalimiwa dirishani, na hakuna anayeona ajabu. Zamani watu walikwama. Walikwama kwa mvua, kwa maji kujaa, kwa boti isiyokuja, na waliokwama ndio waliotusimulia ngano, wakatufunza kusuka, wakatwambia bibi zetu walikuwa watu gani. Nawatazama wajukuu zangu wakija na kuondoka kabla chai haijapoa, nawaombea heri, na Mungu anisamehe, mara nyingine nawaombea tairi bovu.

Faki aliondoka kesho yake kwa basi, kuwahi boti. Mimi nilisema nitabaki kidogo kuiangalia gari. Fundi hunipigia simu kunikumbusha kwamba stata bado ipo dukani, nami humwambia ampe mwingine. Mara kwa mara nachukua basi nakwenda Wambaa, tunaizunguka gari, tunazungusha ufunguo, Shangazi anasukuma kidogo kwa adabu, kisha tunakaa. Amefika kwenye habari za harusi ya bibi yangu, na bado hajamaliza. Faki hutuma sauti kuuliza gari inatoka lini kule. Namjibu kweli tupu: bado haijawaka, na leo tena itabidi nilale.